Abiria wa Mbele Amelipia Kimya

Sebuleni kwake mlikuwa na viti sita vilivyopangwa safu mbili, vyote vikitazama ukuta. Mgeni akiingia mara ya kwanza alidhani kuna msiba au kikao cha kikoba. Kumbe ile ilikuwa ndege. Katikati aliacha njia ya upana wa kiuno cha mtu, na kwenye njia hiyo hukuruhusiwa kuweka kitu, hata kandambili, hata siku ya kufagia. Mtaa mzima kule Mkonze tulimwita Bibi wa Mbele, kwa sababu alikuwa mhudumu wa ndege kwa miaka mingi, na sehemu yake ilikuwa kule mbele, kwenye viti vinavyolazwa vikawa kitanda. Alizaliwa wapi na nani sijui, na sikuuliza. Mimi ni fundi cherehani, ukuta wa chumba changu cha kushonea unapakana na jiko lake, na kwa miaka saba niliyokaa naye nilijua anachosubiri. Alisubiri mjukuu wake wa kike, mtoto wa binti yake mmoja aliye ng'ambo, aje siku moja apite kwenye ule mlango. Binti hakutaka. Habari yenyewe ndiyo hiyo, yaliyobaki ni kuizungukazunguka.

Serikali ilipohamia Dodoma, walihamia na watu wanaosafiri. Kuna wanaopelekwa nchi za nje kikazi pamoja na familia zao, na wengine hukatiwa tiketi za mbele wakati hata viti vya nyuma hawajawahi kuvikalia. Hao ndio waliokuja kwa Bibi, wengi wao kina mama na watoto mgongoni, wakiwa na hofu ya kwenda kuchekwa. Hakuwatoza kitu. Aliwaketisha kwenye vile viti, akawafunga mikanda niliyoshona mimi kwa vipande vya turubai, kisha akapita njiani na sinia la chai, mgongo umenyooka, nywele zimebanwa, na viatu vya kisigino miguuni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Wewe mama, unatafuta nini kwenye mkoba saa hii?"

"Chupa ya mtoto, Bibi."

"Ndege inapaa. Chupa ilitakiwa iwe mkononi. Mtoto anyonye wakati wa kupaa na wakati wa kutua, la sivyo masikio yatamuuma, atalia, na kosa litakuwa lako."

Alikuwa na mengi ya namna hiyo. Mtoto avuliwe viatu na kuvalishwa soksi, maana kiatu hugonga kiti cha mwenzio. Nepi hazibadilishwi kitini, hata kama unaona hakuna anayetazama. Usimwite mhudumu kwa kidole. Na kabla hujakaa, msalimie jirani yako, umwambie una mtoto mdogo, naomba tuvumiliane. "Ukimsalimia kwanza," alisema, "mtoto akilia atakuwa ni mtoto wa mtu anayemfahamu. Usipomsalimia ni kelele tu." Aliyapenda mambo haya na aliyajua hadi ndani, siwezi kumnyima sifa hiyo.

Lakini neno lake kubwa lilikuwa moja, na alilirudia hadi nikawa nalisikia kupitia ukutani nikiwa nashona: "Abiria wa mbele amelipia kimya." Somo likiisha, alimshika mtoto kichwani, akasema kwa sauti kavu ya kusoma ripoti, "Abiria huyu hakumsumbua mtu." Kina mama walifurahi kana kwamba wamepewa cheti.

Sasa mtu kama huyo ungetarajia nyumba yake iwe kimya. Wapi! Redio yake ilinguruma kuanzia alfajiri, habari, kaswida, mpira, matangazo ya sabuni, yeye hakujali kinachosemwa. Nilimgongea ukuta mara nyingi mwanzoni, nilipokuwa bado mgeni mtaani na mwenye ujeuri wa Kirangi niliotoka nao Kondoa. Alipunguza kidogo, akasubiri, akaongeza tena. Siku moja umeme ulikatika mchana kutwa na betri hakuwa nazo. Alikuja kukaa kwangu, kwenye kibao cha wateja, akaniomba nisisimamishe cherehani.

"Hata kama huna cha kushona," alisema, "kanyaga tu."

Nilikanyaga kitambaa chakavu hadi umeme uliporudi, nikimcheka moyoni. Laiti ningejua, nisingecheka.

Na watoto hivyo hivyo. Aliwafundisha kunyamaza, ila hakuvumilia mtu mwingine awanyamazishe. Kulikuwa na bwana mmoja, mkubwa wa ofisi, aliyemleta mkewe na mapacha wao. Alikunywa chai ya Bibi, akakunja nne, akasema kwa maoni yake watoto chini ya miaka mitano wasiruhusiwe kukaa mbele kabisa, watu wana kazi za kufikiria. Bibi alimnyang'anya kikombe mkononi kikiwa bado na chai.

"Wewe ulizaliwa na ndevu?"

"Bibi, mimi nasema kwa nia njema."

"Toka nje na nia yako. Mkeo abaki."

Mke alibaki, akafundishwa hadi mwisho huku mume akizunguka nje kwenye vumbi na suti yake. Mtaa ulicheka wiki nzima. Kioja kingine hakikuchekesha. Mama mmoja kijana alitoa kwenye mkoba chupa ya dawa ya mafua, ile ya maji inayoleta usingizi, akauliza ampe mtoto vijiko vingapi ili alale safari nzima, maana ameambiwa na shoga yake kuwa wote wanafanya hivyo. Bibi wa Mbele aliichukua ile chupa, akaenda kuimwaga chooni, akarudi, akakaa kwenye kiti cha safu ya pili, akafunga mkanda. Hakusema tena neno siku hiyo. Mama wa watu alisubiri, mwisho akaondoka peke yake bila kuaga.

Na mtoto wa mtaani akilia kupita kiasi chake yeye, kiasi alichokijua mwenyewe, alitoka na khanga begani, akaingia nyumba ya watu na swali moja tu: "Mmempima homa?" Watu walimchoka. Walisema mwanamke huyu hana wajukuu wa kulea, ndiyo maana anawalelea wenzake. Nami nilisema hivyo.

Ilikuwa hivyo hadi zamu yangu ilipofika. Mwanangu Shafii alikuwa na miezi tisa, baba yake yuko mnadani Chemba na mbuzi wake, mimi nina sare za shule ambazo zilitakiwa ziwe zimekwisha jana yake. Mtoto alilia tangu asubuhi. Nikamfunga mgongoni, akalia. Nikamlaza, akalia. Saa nne Bibi wa Mbele aliingia bila hodi, yeye aliyewafundisha watu kubisha hodi hata mlango wa choo cha ndege.

"Mmempima homa?"

"Shikamoo, Bibi. Ni meno tu."

"Sikukuuliza meno."

Hata shikamoo yangu hakuiitikia. Alimtwaa Shafii, akamlaza mapajani, akamwinua kichwa taratibu hadi kidevu kikagusa kifua, akafanya tena. Kisha akasimama na mtoto wangu, akaelekea barabarani peku, moja kwa moja hospitali, mimi nyuma yake na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Ilikuwa malaria, na sikio moja lilikuwa na usaha. Si jambo la kuua kwa siku ile, alisema daktari, lakini tumefanya vizuri kuwahi. Bibi alimuuliza kama mtoto anasikia. Daktari akasema anasikia. Akauliza tena kama amehakikisha. Mara ya tatu daktari alikasirika, akapiga makofi nyuma ya kichwa cha Shafii, mtoto akageuka. Bibi alitoka, akaketi kwenye benchi la nje, na hapo ndipo aliponisimulia, akiwa anatazama miguu yake iliyojaa vumbi.

Wafanyakazi wa ndege huwa na tiketi za stafu za kuwapa ndugu zao. Kuna masharti yasiyoandikwa popote: unapanda kiti kikibaki, unavaa vizuri, huombi kitu mara mbili, hulalamiki, na zaidi ya yote hulalamikiwi, kwa sababu lawama humfuata ndugu yako kazini. Alikuwa amempa binti yake tiketi hiyo ya kurudi nyumbani na mtoto wa miezi minane. Viti viwili vya mbele vilibaki, na yeye mwenyewe alikuwa kazini ndani ya ndege ileile. Akawaketisha pale. Aliniambia hakuwahi kuona fahari kama ile maishani mwake, kumwekea binti yake kitambaa cheupe mapajani.

Saa ya pili mtoto alianza kulia. Abiria wa upande wa pili akaita na kuuliza mama huyu amekaaje hapa. Bibi akaomba radhi. Mtoto akazidi. Akaomba radhi tena, kisha akaenda kwenye mkoba wake, akatoa dawa ya mafua, akampa binti yake kijiko.

"Akasema, mama, mtoto ana moto. Nikamwambia ni blanketi, mfunue. Mtoto akalala. Nikashukuru Mungu. Umesikia? Nilishukuru."

Nilimgusa Shafii paji la uso.

"Mara tatu katika kazi yangu nimeshika kipaza sauti nikauliza kama ndani ya ndege kuna daktari. Mara moja kwa ajili ya bwana aliyelewa tu. Binti yangu aliniomba niulize. Mjukuu wangu sikumuulizia."

"Kwa nini, Bibi?"

"Watu walikuwa wamepumzika. Ningewasumbua."

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Walipotua mtoto hakuamka sawasawa. Hospitali walimwokoa uhai, masikio hawakuyaokoa. Binti alipoambiwa kuwa mwanawe hatasikia tena alimgeukia mama yake, akasema, "Si ulitaka kimya," akaondoka ng'ambo akiwa na mtoto mara tu aliporuhusiwa. Tangu hapo ulikuwa ni ujumbe mfupi wa Iddi, Iddi hadi Iddi. Bibi aliacha kazi mwaka huohuo.

Nilimkasirikia. Nasema kweli, niliketi pale na mwanangu mzima mapajani nikamkasirikia mwanamke aliyemwokoa. Halafu nikakumbuka neno langu la asubuhi, meno tu, kwa sababu ya sare za shule.

Baada ya siku hiyo aliniomba vitu viwili. Kwanza nimshonee mjukuu gauni, nikisie kimo. Nikashona moja kila Iddi, kila mwaka nikiongeza urefu, yakawa yananing'inia kwenye kabati lake bila mwenyewe. Pili nimsindikize kwa mwalimu, dada mmoja anayefundisha watoto viziwi, amfundishe lugha ya alama. Yule dada alikubali Jumamosi mchana. Miaka mitatu Bibi hakukosa Jumamosi hata moja, mvua au upepo. Vidole vyake vilikuwa vigumu na alirudia alama moja mara ishirini. Nami nilijifunza kidogo kwa kukaa tu. Mwalimu alipomuuliza mjukuu anasoma shule gani, Bibi alisema yuko Dar es Salaam. Niliposhtuka alinikanyaga mguu. Njiani alinieleza kuwa aliona aibu: amtajie vipi mtu kwamba hajui mjukuu wake anasoma wapi, anakaa na nani, anapenda nini? Nikaona haina madhara. Na mimi ni mtu mzima, nilipaswa kufikiri.

Mwaka jana binti alikuja Dodoma siku mbili kushughulikia karatasi zake kwenye ofisi fulani. Alilala hotelini. Alimpigia mama yake simu asubuhi ya kuondoka, akasema watakuwa uwanja wa ndege, anaweza kumpa saa moja. Bibi alikuja kwangu amevaa viatu vya kisigino, na gauni jipya kabisa ndani ya mfuko. "Saa moja, Mama Shafii," alisema. "Nzima." Tulikwenda kwa bajaji.

Aliyekuwa mlangoni kwenye chumba cha wageni maalumu aliwahi kufundishwa na Bibi kazini, akatupitisha. Ndani kulikuwa na makochi, baridi ya mashine, na mabwana wa suti wapatao watano wakiangalia simu zao. Binti alisimama, akasema shikamoo mama. Hakumkumbatia. Mtoto alikuwa mrefu kuliko gauni langu, ana macho makubwa ya kutazama kila kitu. Miaka kumi.

Bibi aliinama mbele yake, akaanza. Nilizijua alama zile zote, nilikuwa nimeziona zikijengwa: mimi ni bibi yako, nimekungoja, nakupenda, naomba unisamehe. Alizifanya taratibu na bila kosa. Mtoto alitazama mikono ile kwa adabu hadi ilipoacha, kisha akamgeukia mama yake, akazungumza naye kwa vidole haraka haraka. Sikutambua hata kimoja.

"Anauliza unafanya nini," binti alisema.

"Namwambia mimi ni bibi yake."

"Mama, kule wana alama zao. Hizi za huku hazijui."

"Kwani viziwi wote hawaongei sawa?"

"Sisi wenye masikio tunaongea sawa?"

Bibi aliitazama mikono yake. Nilitamani ardhi inimeze, maana Jumamosi zote zile nilikuwepo, na mwalimu angejua mtoto yuko ng'ambo angetuonya. Lakini binti alipomwona mama yake vile kitu kililegea usoni mwake. Akakaa. "Nitamwambia mimi," alisema. Akamwambia. Sijui alitafsiri yote au nusu, ila mtoto alisikiliza kwa macho, akatabasamu, akaja kuketi kando ya bibi yake. Akaushika ule mkono mgumu, akawa anaugeuzageuza, akikunja kidole kimoja kimoja kana kwamba anataka kujua vimewezaje. Binti alitazama pembeni akajifuta macho. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, yametimia.

Ndipo ndege yao ikatua. Mtoto aliiona dirishani, akaruka kutoka kwenye kochi, akakimbilia kioo na kupiga kelele za furaha. Ilikuwa sauti kubwa, nzito, ya mtu asiyejisikia, nayo haikukoma. Mabwana wote waliinua vichwa. Mmoja akaguna. Mtoto aligeuka kumwonyesha bibi yake ndege, mdomo wazi, akiendelea kupaza.

Na Bibi wa Mbele aliinua mkono, akaweka kidole midomoni.

Hakufikiri. Ninaapa hakufikiri, mkono ulipanda wenyewe, mgongo ukanyooka, na uso ukavaa lile tabasamu la kuomba radhi kuelekea kwa wenye suti. Alama hiyo hakuna asiyeijua. Mtoto alijifunika mdomo kwa viganja viwili. Akawatazama wale mabwana, akamtazama bibi yake, akarudi kusimama nyuma ya mama yake.

Binti alichukua mkoba. Hakupandisha sauti.

"Umestaafu, mama," alisema. "Miaka kumi sasa umestaafu."

Saa moja ilikuwa haijafika hata nusu. Walikwenda kukaa nje, kwenye viti vya kawaida, na walipoitwa walipanda. Mtoto hakugeuka, na hata Bibi angemwita asingesikia.

Tulirudi kwa bajaji. Bibi alikuwa amepakata mfuko wenye gauni, na kile kidole amekikamata kwa mkono mwingine. Tulipokaribia Mkonze alisema, "Lakini umemwona? Nimemwonyesha mara moja tu, akanyamaza."

"Nimemwona, Bibi."

"Mtoto mzuri. Hakumsumbua mtu." Alisema kwa ile sauti yake ya ripoti, kisha sauti ikakatika, akaanza kulia. Alilia kwa kelele, mdomo wazi, kama ambavyo sijawahi kumsikia mtu mzima akilia, hadi watu wa barabarani wakatugeukia na dereva akapunguza mwendo.

"Mama, vipi? Umwambie anyamaze kidogo, watu wanatuangalia."

"Endesha," nikamwambia. "Mwache alie."